Filamu ya Wachawi Isiyo na Mchawi

Nyundo inagonga. Juu ya kilima cha mashambani huko Uingereza mti wa kunyongea unakazwa misumari, huku wanakijiji wakipanda kwa pamoja na kasisi wao, wakimburuta mwanamke anayepiga mayowe. Hakuna radi, hakuna ukungu, hakuna paka anayegeuka mtu. Kuna nyasi mbichi, upepo na mwanga mzuri wa mchana. Mwanamke anavishwa kitanzi, mayowe yanakatika, kisha kamera inatuvuta mpaka kwa mtu mmoja aliyeketi juu ya farasi kwa mbali, ametulia tuli, akitazama kazi ikimalizika. Ndivyo inavyofunguka Witchfinder General, filamu iliyopigwa mwishoni mwa mwaka 1967 na kuonyeshwa mwaka 1968, chini ya uongozi wa Michael Reeves, kijana wa miaka 24. Ni filamu ya kutisha, ni filamu ya kihistoria, na ni filamu ya fedha kidogo: bajeti yake haikufika pauni laki moja. Inahusu wachawi kuanzia jina mpaka dakika ya mwisho, na ndani yake hamna mchawi hata mmoja.

Filamu ya kutisha humfunza mtazamaji woga. Humwonyesha atazame wapi na amkimbie nani. Kwa hiyo filamu inayohusu watu walioshutumiwa uchawi inastahili kuulizwa swali moja kabla hatujauliza kama mavazi ni ya wakati ule au kama damu inafanana na damu: mtazamaji anapotoka ukumbini, anatoka akimwogopa nani? Akitoka akimwogopa kikongwe, basi filamu imemfanyia msaka wachawi kazi yake, tena bure. Reeves anatutoa tukiwa tunamwogopa mtaja majina. Nadhani alifika hapo kwa mambo mawili yaliyoshikana, ukata na ukaidi. Nadhani pia alifika nusu ya njia tu, kwa maana kitisho kikubwa zaidi, kile ambacho kumbukumbu za karne ya 17 zinakionyesha wazi, alikiacha nje ya picha.

Mtu wa juu ya farasi ni Matthew Hopkins, na aliishi kweli. Alikuwa mtoto wa kasisi wa Great Wenham, katika jimbo la Suffolk, na alianza kazi yake Manningtree, Essex, mwezi Machi mwaka 1645, wakati Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge wakipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe. Alijiita Witchfinder General, yaani mkuu wa wasaka wachawi, ingawa si Bunge wala mfalme aliyempa cheo hicho. Akiwa na mwenzake John Stearne, alizunguka majimbo ya mashariki ya Uingereza kwa muda usiozidi miaka miwili, na nyuma yao watu zaidi ya mia moja wakawa wamenyongwa. Sheria ya Uingereza haikuruhusu mateso ya kupata ungamo, kwa hiyo wakatumia njia ambazo mtu angeweza kuapa mbele ya hakimu kwamba si mateso. Mshukiwa alikeshezwa usiku hata mara tatu na nne mfululizo akikodolewa macho, eti ili mashetani wake wadogo waonekane wakija kunyonya. Alitembezwa huku na huko mpaka miguu ikavimba. Alichunguzwa mwili na wanawake wa mtaani wakitafuta chuchu ya ziada. Alitoswa majini akiwa amefungwa kamba: akielea ni mchawi, akizama ni mtu safi, na wanaomvuta wawe wepesi wa mikono. Mtu aliyekosa usingizi kwa siku tatu huona mengi na hukiri mengi zaidi.

Reeves alikuwa na kisa hiki, riwaya ya Ronald Bassett iliyotoka mwaka 1966, na mkoba mwembamba. Fedha zilitoka kwa kampuni ndogo ya Uingereza, Tigon, na kampuni ya Kimarekani, American International Pictures, ambayo ilizoea kutengeneza filamu za bei rahisi kwa vijana wa kumbi za wazi za magari. Wamarekani walimtaka Vincent Price awe Hopkins. Reeves alikuwa amemtaka Donald Pleasence. Price alikuwa na miaka 56, wakati Hopkins halisi alikufa kabla ya kutimiza 30, hivi kwamba mtu aliyekuwa na umri wa Hopkins mahali pale alikuwa mwongozaji mwenyewe. Inasimuliwa kwamba Price, akichoshwa na kijana anayemkataza kila mbwembwe, alimkumbusha kuwa yeye ameshacheza filamu zaidi ya themanini, akamuuliza yeye ametengeneza ngapi. Reeves akamjibu kwamba ametengeneza tatu nzuri. Price alikuwa bingwa wa kukodoa macho, kupandisha nyusi, kutoa sauti ya jumba lenye mizimu. Yote hayo alinyang'anywa. Kilichobaki ni mzee mchovu mwenye kofia pana, anayeongea polepole, anayehesabu. Alipoiona filamu ilipokamilika, Price alimwandikia Reeves barua kukiri kwamba kijana alikuwa amejua anachotaka.

Ukata uliamua mengine. Kasri na makaburi ya studio vilikuwa ghali, kwa hiyo walikwenda Suffolk kwenyewe, Lavenham, Brandeston, Orford, Kentwell Hall, palepale au jirani na pale Hopkins alipopita, na mpigapicha John Coquillon akatumia mwanga wa jua na miti iliyosimama hapo bila kulipwa. Mapigano ya Naseby ya Juni 1645, yaliyomvunja mfalme nguvu, hatuyaoni. Tunamwona Cromwell, kamanda wa jeshi la Bunge, akila baada yake. Paul Ferris, aliyetunga muziki wa filamu, ndiye pia aliyevaa nguo za mume wa mwanamke anayechomwa moto. Kwa fedha hizo usingeweza kumleta Ibilisi akapendeza. Angeonekana kinyago cha mpira. Na Ibilisi alipokosekana, kamera ililazimika kukaa juu ya kile kilichopatikana kwa bei nafuu: nyuso za watu waliosimama wakitazama. Baada ya yule mwanamke kuteremshwa kwenye moto akiwa amefungwa ngazini, watoto wa mji wanachoma viazi katika majivu yake. Sijui jini wa aina gani, hata wa mamilioni ya dola, angeweza kuvishinda viazi hivyo.

Hapa msomaji wa kwetu atanikatiza, na ana haki. Kama ukata huleta ukweli, mbona filamu zetu za video za miaka ya 2000, zilizopigwa kwa bajeti ya nauli na chipsi, zilijaa wachawi wanaopaa kwa ungo, wanaokula nyama makaburini na kuanguka uwanjani pa mchungaji asubuhi? Jibu ni kwamba zana za kumwonyesha mchawi zilishuka bei. Kompyuta moja na programu ya kuhariri picha vilitosha kumpaisha bibi juu ya mnazi. Kwa hiyo sidai kwamba umaskini wa fedha una hekima ndani yake. Nadai kwamba umaskini humnyima msanii njia fulani, na baada ya hapo ni juu yake ataziba pengo kwa kitu gani. Ushahidi mzuri zaidi uko katika kampuni ileile ya Tigon. Mwaka 1971 ilitoa filamu nyingine ya mashambani, nayo ya fedha kidogo, Blood on Satan's Claw, iliyoongozwa na Piers Haggard. Humo vijana wa kijiji wanaota manyoya ya shetani mwilini, na wanakijiji wenye hasira wanamkamata msichana na kumtosa mtoni kumjaribu. Kijana mmoja mwenye huruma anamwokoa. Kisha inagundulika kwamba msichana kweli ana ngozi ya shetani mguuni! Waliomtosa walikuwa sahihi, aliyemhurumia alikuwa mjinga, na mwishoni hakimu anarudi kutoka mjini na upanga mkubwa kumaliza kazi. Hakimu huyo anachezwa na Patrick Wymark, yuleyule aliyekuwa Cromwell katika filamu ya Reeves. Nyasi zilezile, kampuni ileile, tofauti ya miaka mitatu, na somo limepinduliwa miguu juu kichwa chini. Haggard aliitengeneza kwa ustadi, tena baadhi ya picha zake ni nzuri kuliko za Reeves. Ila nikiipima kwa swali langu, mtazamaji anatoka akijua kwamba jaribio la maji hufanya kazi.

Mtetezi wa filamu za namna hiyo ana hoja nzito kuliko ya burudani. Atasema: watu wa karne ya 17 waliamini wachawi wapo, na msanii anayeonyesha mchawi halisi anatuingiza ndani ya akili zao, ilhali Reeves anawatazama kutoka juu, kama mtu wa mjini wa mwaka 1968 anayejua yote yalikuwa tamaa ya fedha na ya mwili. Robert Eggers alifanya hivyo kwa makini sana katika The Witch ya mwaka 2015, filamu iliyogharimu takriban dola milioni 4, ambamo familia ya Wapuritani iliyofukuzwa kijijini New England inaangamizwa na mchawi aliyeko msituni kweli. Hoja hii siwezi kuipuuza. Eggers anaonyesha jinsi shutuma inavyozaliwa nyumbani, kati ya baba mwenye kiburi na mama mwenye msiba, na hilo Reeves halijui. Lakini angalia bei yake. Ili tuingie katika akili ya mshutumu, tunapewa macho yake, na macho yake yanaona kweli. Msichana aliyeshutumiwa na mamaye anaishia kujiunga na wachawi kwa hiari yake. Mtu anaweza kuliita hilo ukombozi, na wengi wameliita hivyo. Bado mama alikuwa amebahatisha. Imani ya watu wa kale inaweza kuheshimiwa bila kuwathibitishia. Wanawake walionyongwa Essex nao walikuwa na akili, na akili hiyo ilijua kwamba hawakufanya lolote.

Ama fedha, hapo Reeves hakusingizia. Mji wa Stowmarket ulimlipa Hopkins na wenzake pauni 23. Kibarua wa wakati ule akipata peni sita kwa siku, na pauni moja ikiwa ni peni 240, angefanya kazi siku mia tisa na zaidi kufikia kiasi hicho. Aldeburgh ilitoa pauni 6, na Ipswich ikatoza kodi maalumu. Hopkins mwenyewe, katika kijitabu chake cha mwaka 1647 alichokiandika kama maswali na majibu ya kujitetea, alidai kwamba huchukua shilingi 20 tu kwa mji, na kwamba kwa fedha hizo hulisha wenzake na farasi watatu. Stowmarket peke yake ilitoa mara ishirini na tatu ya hesabu yake. Je, aliamini alichokifanya? Yawezekana sana. Daktari anayeamini dawa yake hupokea ada pia. Swali la kama alikuwa mwongo au mwumini limewasumbua wengi, na nadhani si swali lenye manufaa makubwa, kwa kuwa kikongwe aliyekeshezwa siku tatu hakupata usingizi zaidi kwa sababu mkeshezaji alikuwa mkweli wa moyo. Reeves anamwacha Hopkins wake katikati, hatujui anaamini au haamini, na hapo Price anacheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza: malipo anayapokea kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu.

Shutuma kubwa zaidi dhidi ya filamu ilitolewa ilipoonyeshwa tu. Mwandishi wa tamthilia Alan Bennett aliishambulia katika jarida la The Listener kwa ukatili wake, akiona kwamba ni starehe ya kutesa isiyo na hata kicheko cha kumpumzisha mtazamaji, na wadhibiti wa filamu wa Uingereza walikuwa wameshaikata sehemu kadhaa. Reeves alijibu kwa barua: ukatili ni kitu kichafu, unamchafua anayeutenda, na ukionyeshwa kwa namna ya kupendeza au kuchekesha ndipo unapokuwa hatari. Jibu hilo linasimama, ila halisimami kila mahali. Linasimama mwishoni, katika shimo la kasri ya Orford, ambapo askari Richard Marshall, kijana mwema wa jeshi la Bunge, anampata Hopkins aliyemwua kasisi mjomba wa mchumba wake, na kumkatakata kwa shoka. Mwenzake anampiga Hopkins risasi kwa huruma, na Marshall anapiga kelele za mtu aliyeporwa mali: amenyang'anywa mtu wake wa kuua. Sara, mchumba wake, anapiga yowe lisilokoma na picha inaishia hapo. Shujaa amegeuka Hopkins bila kutoza ada. Filamu chache za kisasi zina ujasiri wa kumharibu shujaa wao kiasi hicho. Lakini jibu la Reeves halisimami pale mwili wa Sara unapotumiwa mara mbili, kwanza kama rushwa anayoitoa kumwokoa mjomba, kisha kwa kubakwa na Stearne, ili tu wanaume wawe na sababu ya kukimbizana kwa farasi. Bennett alikosea kuhusu filamu nzima. Kuhusu hapo hakukosea.

Sasa nifike penye kosa ninaloliona kubwa, na ambalo halihusiani na damu. Wanahistoria wameorodhesha uongo mwingi wa filamu hii, na orodha yao ni ya kweli. Hopkins hakuuawa kwa shoka. Alifia nyumbani kwa maradhi, akazikwa Mistley tarehe 12 Agosti 1647. Kuchoma moto wachawi ilikuwa desturi ya Scotland na bara la Ulaya. Sheria ya Kiingereza ya mwaka 1604 iliwanyonga, na Mary Lakeland aliyechomwa Ipswich mwaka 1645 alihukumiwa hivyo kwa kuwa aliyedaiwa kuuawa kwa uchawi alikuwa mumewe. Haya hayanisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba filamu inaeleza kila kitu kwa kukosekana kwa sheria. Vita vimevuruga nchi, hakimu hayupo au ni mwoga, na pengo hilo ndilo Hopkins anapitia na farasi wake kama fisi aliyekuta zizi wazi. Ni maelezo yanayofariji. Yanatuambia kwamba sheria ikirudi, Hopkins ataondoka.

Kumbukumbu zinasema kinyume. Chukua kisa cha John Lowes, kasisi wa Brandeston, ambaye filamu imemfanya mjomba wa Sara. Lowes halisi alikuwa mzee wa miaka 80 hivi, mgomvi, aliyekuwa amechokana na waumini wake kwa miaka mingi. Alikeshezwa, akakimbizwa chumbani mpaka pumzi ikamkatika, akatoswa katika maji ya Framlingham, akakiri kwamba alituma shetani kuzamisha meli baharini. Mpaka hapo filamu na historia zinakaribiana. Lakini baada ya hapo Lowes alipelekwa mahakamani. Ilikuwapo tume maalumu Bury St Edmunds, yenye hakimu msomi na makasisi wenye sifa, na tume hiyo ilikuwa makini kiasi cha kupiga marufuku kuwatosa watu majini. Ilisikiliza mashahidi. Ilifuata taratibu. Tarehe 27 Agosti 1645 watu 18 walinyongwa kwa siku moja, Lowes akiwa mmojawao, na kwa kuwa hakuruhusiwa kasisi wa kumzika, alijisomea mwenyewe ibada ya maziko akienda kwenye kitanzi. Hakuna fisi aliyeingia zizini usiku. Mlango ulifunguliwa mchana, kwa muhuri.

Na aliyeufungua ni nani? Katika kijitabu chake Hopkins anajitetea kwamba hakuwahi kwenda mji wowote bila kuitwa: watu walimpandia farasi, walimwandikia, walimtumia wajumbe mara kwa mara. Kati ya maneno yake yote, hili naliamini moja kwa moja. Ada za miji zimeandikwa katika vitabu vya hesabu vya miji, maana yake waheshimiwa walikaa kikao, wakapitisha matumizi, mtunza fedha akalipa. Waliochunguza miili ya washukiwa walikuwa wakunga, wanawake waliowazalisha watoto wa watu haohao. Waliotoa ushahidi walikuwa majirani waliokuwa na ng'ombe aliyekufa miaka kumi iliyopita, mtoto aliyeshikwa na degedege, siagi iliyokataa kuganda, na mwanamke fulani aliyeomba maziwa akanyimwa akaondoka akinung'unika. Hopkins hakuleta majina mfukoni. Aliyakuta. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yeye alikuwa njia ambayo lisemwalo lilijia. John Gaule, kasisi wa Great Staughton, alipinga ujio wake mimbarani na katika kitabu cha mwaka 1646, na ajabu ya Gaule ni kwamba aliamini wachawi wapo. Alichokataa ni namna ya kuwapata, ambamo kila kikongwe mwenye makunyanzi na sauti ya kukwaruza alihesabiwa tayari. Mtu huyo angekuwa mhusika mzuri wa filamu kuliko askari yeyote wa kubuni. Reeves hakumhitaji, kwa sababu Reeves alihitaji mwovu mmoja. Hata zile nyuso zake za wanakijiji, ambazo nimezisifu, zinatazama. Hazionekani zikiandika barua ya kumwita.

Inaweza kusemwa kwamba ninadai kutoka filamu ya dakika tisini kazi ya mwanahistoria, na kwamba mwovu mmoja ni kanuni ya sanaa. Ningekubali kama kanuni hiyo isingekuwa ndiyo kanuni ya shutuma zenyewe. Kijiji chenye ng'ombe waliokufa, watoto wagonjwa, vita na njaa kinaambiwa: sababu ni mtu mmoja, ana jina, anakaa nyumba ile. Filamu inayotuambia kwamba mauaji yote hayo sababu yake ni mtu mmoja mwenye kofia pana imetumia ramli ileile, ila imemwangukia mtu mwingine. Kwa kumchagua mtaja majina Reeves alichagua vizuri zaidi. Bado ni ramli.

Sisi wa Afrika Mashariki tumeunganishwa na kisa hiki kwa uzi wa sheria. Mwaka 1735 Bunge la Uingereza lilifuta sheria ya mwaka 1604 na kufanya kosa liwe kujidai kuwa na nguvu za uchawi, wala si uchawi wenyewe. Mtazamo huo ndio waliousafirisha makoloni: Kenya ikapata sheria yake ya uchawi mwaka 1925, Tanganyika mwaka 1928, na zote zilirithiwa baada ya uhuru. Ya Kenya inamfanya mkosaji yule anayemshutumu mwenzake kuwa mchawi, isipokuwa shutuma ikipelekwa kwa mamlaka, yaani polisi, chifu au mkuu wa wilaya. Ukiisoma ukiwa umetoka kumtazama Hopkins, unaona imelenga sawasawa mtu wa juu ya farasi, na imewaacha waliomwita. Mwaka 1966, mwaka ilipotoka riwaya ya Bassett, mganga aitwaye Kajiwe alikuwa akizunguka vijiji vya Wamijikenda akifichua wachawi, na walimwalika. Huko Ufipa na Kigoma watu wanaoitwa kamchape wamekuwa wakiingia nyumba za watu na kutoa vibuyu kwa malipo, na walialikwa, mara nyingine kwa mchango wa kijiji kizima. Tanzania imelipatia jambo hili jina zuri kuliko Waingereza: ramli chonganishi. Jina linamtaja mpiga ramli na linawataja waliochonganishwa. Lakini hata sisi tukimkamata mpiga ramli tunaona kesi imekwisha. Katika miaka ya 2010 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu mamia ya watu waliouawa Tanzania kwa mwaka mmoja kwa tuhuma za uchawi, wengi wakiwa vikongwe wa Kanda ya Ziwa wenye macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe waliopikia wajukuu. Huko Kilifi, Kenya, alama imekuwa mvi, na mara nyingi nyuma ya mvi kuna shamba. Mpiga ramli haishi jirani na mzee huyo wala hajui mipaka ya shamba lake. Kuna anayeijua.

Reeves alikufa Februari 1969, miezi michache baada ya filamu kutoka, kwa dawa za usingizi na pombe, akiwa na miaka 25. Marekani filamu yake iliuzwa kwa jina The Conqueror Worm, ikibandikwa shairi la Edgar Allan Poe lisilohusiana nayo kwa lolote, kwa sababu Price na Poe pamoja walikuwa wanauzika. Tangu hapo imepanda hadhi, inafundishwa, inaitwa mojawapo ya mizizi ya filamu za kutisha za mashambani. Heshima hiyo inastahili. Ningependa mtu airudie, kwa fedha kidogo vilevile, na safari hii kamera ikae katika kikao cha Stowmarket kinachopitisha pauni 23.

Na amrudishe mtu mmoja mahali pake. Mwanamke wa kwanza kushutumiwa Manningtree, aliyeshtakiwa na jirani fundi cherehani ambaye mke wake alikuwa mgonjwa, alikuwa mzee na fukara, na mama yake alikuwa amenyongwa kwa uchawi kabla yake. Alikeshezwa, akataja wenzake, akanyongwa Chelmsford Julai 1645. Jina lake Elizabeth Clarke. Katika filamu jina hilo amepewa mwanamke kijana, mzuri wa sura, mwenye mume anayemlilia, ndiye yule anayechomwa Lavenham. Elizabeth Clarke wa Manningtree alikuwa na mguu mmoja. Huyu wa filamu ana miwili.